Oili kwenye throto inatoka wapi, na unaipunguzaje bila kuziba pumzi ya injini

Umepeleka gari kusafishwa throto. Fundi anachomoa ule mpira mnene unaotoka kwenye eya klina, anapitisha kidole ndani, kidole kinatoka cheusi kimelowa oili, halafu anakuangalia. Kuanzia hapo majibu yanategemea umeangukia gereji gani. Kuna fundi atakwambia ringi zimekwisha, jiandae kushusha injini. Mwingine atakwambia tuzibe tu hako kapaipu kanakotoka kwenye kava ya tapeti, mambo yataisha. Wa tatu atakwambia ununue kopo la kukamata oili, lile wengine wanaliita kachi kani, linafungwa pembeni ya betri linang'aa kama la gari la mashindano. Ukirudi nyumbani jirani anakwambia hiyo kawaida bwana, endesha gari.

Mimi naona wanne hao wote wamekimbilia jibu kabla ya kujua oili imefikaje pale. Na yule wa kuziba hayuko sahihi hata siku moja, tutamrudia.

Tukubaliane maneno kwanza. Nikisema inteki namaanisha njia yote ya hewa, kuanzia eya klina, kupita throto, kwenye manifodi mpaka kwenye valvu za kuingiza. Throto ni kile kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Sampu ni lile beseni la oili chini ya injini, na nafasi yote inayozunguka krenki juu ya sampu tuiite chumba cha krenki. Kava ya tapeti ni kile kifuniko cha juu ya injini. Ringi ni zile pete zinazoizunguka pistoni kuziba kati yake na ukuta wa silinda.

Sasa ringi hazizibi asilimia mia, hata injini ikiwa mpya kabisa. Ringi ni pete iliyokatwa, ina mwanya mdogo pale ncha zake mbili zinapokutana, lazima iwe hivyo ili iweze kutanuka na joto. Kwahiyo kila mafuta yanapolipuka juu ya pistoni, gesi kidogo inapenya inashuka chini kwenye chumba cha krenki. Gesi yenyewe ni chafu, ina mvuke wa petroli ambayo haikuungua, masizi, vitu vyenye asidi, na maji. Maji mengi tu. Watu wanashangaa kusikia hivi lakini petroli lita moja ikiungua inatengeneza takribani lita moja ya maji katika hali ya mvuke, sehemu kubwa inatokea ekzosi ila kidogo kinashuka na ile gesi kwenye oili.

Fikiria sufuria ya maharage imechemka na kifuniko kimebana hakina hata tundu. Presha inapanda, mwisho kifuniko kinaruka na mchuzi unamwagika jikoni. Injini nayo chini kule kuna joto, kuna krenki inazunguka maelfu ya mara kwa dakika inachapa oili mpaka inakuwa ukungu, na kuna gesi inayoongezeka kila sekunde. Lazima hiyo gesi itoke. Ikikosa pa kutokea itajitafutia, itasukuma oil sili ya nyuma ya krenki, itasukuma gasketi ya kava ya tapeti, wakati mwingine inarusha hata ile stiki ya kupimia oili. Ndio maana gari iliyozibwa kapaipu inakaa wiki chache halafu inaanza kuvuja oili sehemu ambazo hazijawahi kuvuja, na fundi anakuuzia sili, sili mpya nayo inavuja, mnabaki kulaumu sili feki.

Zamani gesi hii ilikuwa inaachiwa tu. Magari yalikuwa na paipu inayoshuka chini ya injini inapumulia barabarani, gari ikitembea upepo unaivuta. Mambo yalibadilika Marekani, hasa Los Angeles, ambako moshi mzito ulikuwa unakaa juu ya mji unachoma watu macho. Miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit alionesha kwamba moshi ule unatengenezwa na mivuke ya mafuta pamoja na gesi za ekzosi zikipigwa jua, na sehemu ya mivuke ya mafuta ilikuwa inatoka kwenye hizo paipu za kupumulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 California wakalazimisha magari mapya yairudishe gesi hiyo kwenye inteki ikaungue, na miaka michache baadaye karibu magari yote mapya ya Marekani yalikuwa na mfumo huo. Mfumo huo ndio PCV. Toyota yako ya Japani inayo, Subaru inayo, hata Probox inayo.

Kwahiyo jibu la kwanza ndio hilo. Oili iliyoko kwenye throto haikupotea njia, imesafirishwa na mfumo uliowekwa kwa makusudi. Gesi inarudi kuungua, na kwa kuwa imetoka sehemu yenye ukungu wa oili, inabeba oili kidogo. Swali la maana ni kidogo kiasi gani.

Mfumo wenyewe kwenye gari ya kawaida isiyo na turbo una paipu mbili, na hapa naomba usome taratibu maana ndio kiini cha makala nzima. Paipu ya kwanza inatoka kwenye kava ya tapeti, inapita kwenye valvu ndogo ya PCV, inaingia kwenye manifodi baada ya throto, hii ndio ya kunyonya. Paipu ya pili haina valvu, inatoka upande mwingine wa kava inaingia kwenye ule mpira mnene kabla ya throto, hii inaleta hewa safi iliyochujwa kuingia ndani ya injini kuchukua nafasi ya gesi iliyonyonywa. Moja inatoa, nyingine inaleta.

Gari ikiwa sailensi, yaani imewaka imesimama, throto imefunga karibu yote na injini inavuta kwa nguvu sana, kwahiyo mvuto kwenye manifodi ni mkubwa. Ule mvuto unakivuta kipini cha ndani ya valvu mpaka kinabana njia, inabaki tundu dogo tu, na inatosha maana sailensi gesi inayopenya ringi ni chache. Ukiwa barabarani spidi ya kawaida mvuto unapungua, springi inakirudisha kipini, njia inafunguka zaidi. Ukikanyaga mguu wote, tuseme unapanda Kitonga umebeba familia na mizigo, throto iko wazi kabisa na mvuto kwenye manifodi unakaribia kuisha, wakati huohuo gesi inayopenya ringi ni nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Valvu haiwezi kunyonya yote. Inayobaki inageuza njia, inapanda kwa ile paipu ya pili, inatokea kwenye mpira mnene kabla ya throto.

Umeona sasa kwanini nilisema tuangalie kwanza oili imefikaje? Oili iliyokutwa ndani ya manifodi imepita kwenye valvu. Iliyokutwa kwenye mpira kabla ya throto imepita paipu ya pili, ina maana gesi ilizidi uwezo wa valvu: ama unaendesha kwa mzigo mkubwa mara kwa mara, ama valvu imeziba, ama ringi kweli zimechoka. Dalili mbili tofauti zenye matibabu tofauti, na fundi aliyepitisha kidole tu akatoa hukumu hajapima kitu.

Kwenye turbo hadithi inabadilika kidogo. Turbo ikianza kusukuma, ndani ya manifodi hakuna mvuto tena, kuna presha, kwahiyo lazima kuwe na valvu ya kuzuia ili presha isirudi kwenye injini. Gesi yote wakati huo inapelekwa kabla ya turbo, turbo inaivuta na kuipitisha kwenye intakula, ile rejeta ya kupoza hewa. Ndio maana mabomba ya intakula karibu kila gari ya turbo yana unyevu wa oili ndani, na ndio maana watu wengi wanauziwa turbo mpya bila sababu. Unyevu sio ushahidi wa turbo mbovu. Oili inayochuruzika ukichomoa bomba, au shafti ya turbo inayocheza huku na huku mpaka bledi zinagusa ukuta, hayo ndio ya kuogopa.

Lakini oili kuingia inteki ina madhara gani hasa, maana si inaungua tu? Inategemea injini. Kwenye gari za kawaida, nozeli zinapiga petroli nyuma ya valvu za kuingiza, petroli inaziosha, oili kidogo haina shida kubwa. Kasheshe iko kwenye injini ambazo nozeli inapiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwetu zinajulikana kwa jina la D4, ile 1AZ-FSE iliyokuja na Noah na Voxy za kuanzia 2001, na Wajerumani wana FSI zao. Humo valvu haioshwi na chochote. Ukungu wa oili unatua juu yake, joto linaukaanga, mwaka baada ya mwaka inajengeka kaboni nene mpaka hewa inapita kwa shida, gari inatetemeka sailensi na nguvu inapotea. Toyota wenyewe baadaye walitoa D-4S ambayo ina nozeli za aina zote mbili, na moja ya faida zake ni hiyo ya kuziosha valvu.

Pia oili ikichanganyika na petroli kwenye silinda inashusha okteni, yaani uwezo wa petroli kuvumilia kugandamizwa bila kulipuka kabla ya wakati, kwahiyo injini yenye kompresheni kubwa au turbo inaweza kuanza kugonga ukikanyaga sana. Na dizeli za kisasa kama 1KD ya Hilux na Prado zina balaa lao: ekzosi inarudishwa kwenye inteki kupitia EGR ikiwa na masizi makavu, masizi yanakutana na ukungu wa oili, yanakuwa tope. Ukifungua manifodi ya gari kama hiyo iliyotembea sana bila kusafishwa unakuta njia imebaki nyembamba mpaka unajiuliza ilikuwa inapumuaje.

Dizeli ina hatari nyingine ambayo haitokei mara nyingi ila ikitokea inatisha. Dizeli haina plagi za kuiwasha na haidhibitiwi kwa hewa kama petroli, kwahiyo ikianza kuvuta oili nyingi kupitia inteki inaweza kuila oili yake yenyewe kama mafuta. Spidi inapanda yenyewe, unazima ufunguo, haizimi. Gari ya manyo, kanyaga breki, weka gia ya juu, achia klachi ife. Ya otomatiki inabidi hewa izibwe kwa kitu kigumu kipana, usijaribu kwa mkono, na kama hujajiandaa kaa mbali.

Haya, kupunguza. Watu wanataka kuanza na kopo kwasababu ni kitu cha kununua na kinaonekana, mimi hilo ningeliweka mwisho.

Anza na stiki ya oili. Hii ni aibu ndogo ya gereji zetu: injini ya 1NZ iliyoko kwenye IST na Vitz za 1.5 inakula kama lita 3.7 pamoja na filta, galoni ni lita 4, fundi anamimina galoni yote maana mteja amelipia na kurudisha tone inaonekana kama wizi. Kwenye injini nyingi umbali wa alama ya chini na ya juu kwenye stiki ni kama lita moja tu, kwahiyo ziada ya robo au theluthi ya lita sio ndogo, na kama oili ya zamani haikuchuruzika yote ndio zaidi. Oili ikiwa juu krenki inaichapa, ukungu unakuwa mzito, na ukungu ndio unaopanda kwenye paipu. Pima gari ikiwa sehemu tambarare, imezimwa dakika kadhaa. Imezidi? Ipunguzwe. Galoni iliyobaki weka kwenye buti, utaihitaji.

Halafu valvu yenyewe ya PCV. Kwenye Toyota nyingi ni kitu kidogo cha bei ndogo kuliko karibu kila kitu kwenye injini, na watu wanaendesha miaka kumi bila kujua kipo. Ichomoe uitingishe, zile za kipini zinatakiwa zilie kachakacha, isipolia imeganda. Ukiirudisha kwenye mpira wake gari ikiwa sailensi na kuweka kidole kwenye mdomo wa valvu unatakiwa usikie inavuta. Ikiganda imefungwa, gesi yote inageukia paipu ya pili na presha inapanda ndani. Ikiganda wazi, mvuto mkubwa wa sailensi unanyonya oili mfululizo na gari inatetemeka maana inapata hewa ya ziada. Gari nyingi za Ulaya hazina kipini, zina kiwambo cha mpira ndani ya kava, kikichanika unasikia mluzi, au mfuniko wa oili unakuwa mgumu kufungua gari ikiwaka kwa jinsi kunavyonyonya. Hapo kuna ambazo unabadilisha kava nzima, pole. Usiweke valvu yoyote iliyoingia kwenye tundu, ukubwa wa nje unaweza kufanana kabisa na springi ya ndani ikawa ya injini nyingine.

Mipira nayo ukague, iliyolainika inajibana yenyewe ikinyonywa, iliyopasuka inaingiza vumbi ambalo halikupita eya klina.

Kitu kinachosahaulika kabisa ni bati la ndani ya kava ya tapeti. Chini ya lile tundu la PCV kuna vibati vimepangwa kama kona kona, kazi yake ni kuifanya gesi igonge ukuta, oili ishike pale na idondoke kurudi chini, ileile ya matone kujikusanya chini ya kifuniko cha sufuria. Gari iliyocheleweshwa sevisi inajaza tope humo, vitundu vya kurudisha oili vinaziba, oili inakosa pa kurudi inaondoka na gesi. Unaweza kubadilisha valvu mara tatu bila mafanikio kumbe tatizo liko sentimita chache chini yake. Kava ifunguliwe, ioshwe vizuri, gasketi mpya, na hapo gari kadhaa zinapona kabisa.

Aina ya oili inachangia. Kuna kipimo kinaitwa Noack, oili inachemshwa nyuzi 250 kwa saa moja wanaangalia imepotea asilimia ngapi. Viwango vya Marekani vya API vya siku hizi kwa oili nyepesi vinaruhusu mpaka asilimia 15, vile vya Ulaya vya ACEA vingi vinaishia 13. Oili ya bei ya kutupa isiyo na kiwango chochote kwenye kibandiko, au feki, huna unalojua juu yake. Na wale wa kuhamia 20W-50 ili gari iache kula oili, ni kweli inaweza kupunguza kidogo kwenye injini iliyochoka, ila haisafishi PCV wala haifufui ringi, na injini iliyotengenezewa oili nyepesi inaisukuma kwa shida asubuhi ya baridi.

Ukimaliza hayo yote na oili bado inakuja, ndio unapima ringi, kwa geji ya kompresheni na sio kwa macho. Ile ya kufungua mfuniko wa oili injini ikiwaka ukaona kamoshi ukasema imekufa, sio kipimo, kupumua kidogo pale ni kawaida. Kinachotia shaka ni ikipiga kwa nguvu kama inasukuma, pamoja na moshi wa bluu ukikanyaga. Moshi wa bluu asubuhi tu ukiwasha halafu ukakata, mara nyingi ni sili za valvu, nazo hubadilishwa bila kushusha bloku. Kuna injini pia zilizaliwa na shida ya ringi za oili, 1ZZ za mwanzo mwanzo na 2AZ za nusu ya pili ya miaka ya 2000 zinafahamika kwa hilo, ukiwa nayo kopo halikusaidii kitu zaidi ya kukuhesabia hasara.

Na ukiona ute mweupe kama mayonezi chini ya mfuniko, usikubali kushusha silinda hedi papo hapo. Kama safari zako ni nyumbani dukani, dukani shule, injini haipati joto la kutosha kufukuza yale maji niliyosema. Ipige safari ndefu kwanza, angalia maji ya rejeta kama yanapungua.

Sasa kopo. Linafaa kweli kwenye D4 na zinazofanana nayo, kwenye turbo, na kwenye dizeli ya EGR, ilimradi injini iwe nzima. Australia wenye Prado na Hilux wanafunga sana ProVent ya Mann+Hummel, na ile ina filta ndani kwa kazi hiyo. Siri yote iko ndani ya kopo: lazima kuwe na wavu au vibati vya kugongesha gesi. Makopo mengi ya bei rahisi ni matupu, paipu mbili zimetobolewa juu, gesi inaingia inatoka na oili yake. Kabla hujalipa chungulia ndani. Kwa petroli isiyo na turbo linakaa kati ya valvu ya PCV na manifodi, valvu inabaki palepale na mwelekeo wake uleule, usiitoe. Lifungwe mahali penye upepo sio juu ya ekzosi, kwasababu likiwa na joto oili haigandi kwenye wavu. Mipira iwe ya kuhimili oili na isiyojibana, upana usipungue wa mwanzo, klipu zikaze, maana penye kuvuja patamchanganya sensa wa hewa na taa ya injini itawaka.

Halikuongezei nguvu, yule anayekuuzia kwa hoja hiyo amekosea. Na usifunge lile lenye kafilta juu linapumulia nje ukaziba tundu la manifodi. Kwenye mashindano wanafanya kwasababu zao, kanuni za FIA, shirikisho la mashindano ya magari, zinataka kabisa gari yenye pumzi ya nje iwe na kopo la lita 2, au 3 kama injini inazidi cc 2000, lakini ile injini inafunguliwa mara kwa mara. Ya kwako itabaki na maji na asidi ndani kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, harufu itaingia kwa kiyoyozi, na injini itakosa ule mvuto uliokuwa unaifagia.

Likishafungwa, limwage. Anza kuliangalia kila unapojaza tanki mpaka ujue mwendo wake, likijaa linageuka hatari maana ukikata kona kali oili yote inanyonywa kwa mkupuo. Yaliyomo usiyarudishe kwenye injini hata kama yanafanana na oili, sehemu kubwa ni maji na petroli, na watu wakiona kopo limejaa wanadhani wameokoa oili yote ile. Likitoa maji maji ya kahawia yenye harufu ya petroli, liko sawa. Likitoa oili tupu nyeusi kila wiki, rudi kapime kompresheni.